Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Kituo cha Kupima Gesijoto, Ozoni na Erosoli

Mwaka 2023 wastani wa kaboni dioksidi katika angahewa ya dunia ulifikia sehemu 420.0 kwa milioni, na kila mwaka kiasi hicho hupanda kwa sehemu mbili hadi tatu hivi. Anayetaka kuliona ongezeko hilo kwa vipimo vyake mwenyewe, na kulieleza kwa namna ambayo mtafiti wa upande mwingine wa dunia atalikubali, anatafuta tofauti isiyofika asilimia moja, tena kwa miaka na miaka, kwa mitambo inayochakaa na kwa mikono ya watumishi wanaokuja na kuondoka. Ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, kupitia mpango wake wa uangalizi wa angahewa unaojulikana kwa kifupi kama GAW na ulioanzishwa mwaka 1989, limeweka lengo kwamba vipimo vya kaboni dioksidi vya maabara mbalimbali visipishane kwa zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni katika Kizio cha Kaskazini, na 0.05 katika Kizio cha Kusini.

Mwongozo huu unamlenga mtaalamu wa hali ya hewa, mhandisi au mwalimu wa chuo aliyekabidhiwa jukumu la kuanzisha kituo cha kupima gesijoto (gesi kama kaboni dioksidi na methani, zinazozuia joto la dunia lisipotee), ozoni na erosoli (chembechembe zinazoelea hewani). Sehemu kubwa inahusu mambo yanayotokea kabla hewa haijafika mtamboni na baada ya namba kutoka mtamboni, kwa kuwa huko ndiko data nyingi huharibikia. Mtambo wenyewe, ukishalipiwa na kufungwa vizuri, kwa kawaida hufanya kazi yake.

Swali kwanza, mahali baadaye

Mahali pa kituo hutegemea swali unalotaka kulijibu. Ukitaka kujua hali ya jumla ya angahewa, unahitaji mahali ambapo upepo hufika ukiwa umesafiri mbali bila kupita karibu na magari, viwanda wala mashamba yanayochomwa. Vituo vikuu vya aina hii viko kwenye milima iliyojitenga, rasi na visiwa: Mauna Loa huko Hawaii, mita 3,397 juu ya usawa wa bahari, ambako Charles David Keeling alianza kupima kaboni dioksidi Machi 1958, Cape Grim huko Tasmania, tangu 1976, Mlima Kenya, kwenye mita 3,678, na Ncha ya Kusini yenyewe. Ukitaka kujua gesi inatoka wapi, mambo yanageuka: kituo hukaa kule upepo unakoelekea baada ya kupita kwenye chanzo.

Mkasa wa CFC-11, kemikali inayoharibu ozoni ya angani, unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Uzalishaji wa kemikali hii ulipaswa kukoma duniani kote kufikia 2010 chini ya Itifaki ya Montreal, na kiasi chake angani kilikuwa kikishuka kwa mwendo uliotarajiwa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba mwendo huo ulikuwa umepungua, jambo lililomaanisha kwamba mahali fulani kulikuwa na utoaji mpya. Mwaka uliofuata, vipimo vya vituo viwili, Gosan cha Korea Kusini na Hateruma cha Japani, vilionyesha kuwa sehemu kubwa ya utoaji huo ilitoka mashariki mwa China. Vituo vya mbali vilibaini kuwa tatizo lipo, na vilivyo karibu vikabaini linakotoka. Ni nadra kituo kimoja kuzimudu kazi zote mbili, kwa hiyo ni heri kuchagua mapema na kuandika sababu za uchaguzi huo.

Baada ya mahali huja saa. Usiku hewa iliyopoa huteremka mlimani, na kilele hupata hewa safi ya tabaka la juu. Mchana upepo hupanda kutoka bondeni ukibeba hewa ambayo mimea imeshafyonza sehemu ya kaboni dioksidi yake. Kwenye tambarare hali ni kinyume, kwa maana usiku hewa hutulia na gesi zinazotoka udongoni hurundikana karibu na ardhi, ilhali alasiri joto la jua huichanganya hewa hadi kimo cha kilomita moja au zaidi. Kituo cha mlimani kwa hiyo huegemea vipimo vya usiku, na cha tambarare huegemea vya alasiri. Pima saa zote 24 hata hivyo, na ufunge kipima upepo jirani na mdomo wa bomba, ili kila namba iwe na maelezo ya upande ilikotoka. Zile zisizowakilisha hewa ya mbali huwekewa alama na kubaki kwenye kumbukumbu, hazifutwi.

Hewa moja, mabomba matatu

Kishawishi cha kuvuta hewa ya mitambo yote kwa bomba moja ni kikubwa, hasa pale bajeti inapobana, na kinafaa kukataliwa. Ozoni huvunjika inapogusa vyuma vingi na vumbi, hivyo hupitishwa kwenye mirija ya tefloni, mifupi kadiri inavyowezekana, ili hewa ikae humo kwa sekunde chache tu. Tefloni hiyohiyo ni adui wa erosoli: plastiki hujikusanyia chaji za umeme tuli ambazo hunasa chembechembe kwenye kuta kabla hazijafika mtamboni. Erosoli huhitaji bomba la chuma cha pua, pana, lililonyooka, lisilo na kona kali, kwa kuwa chembe kubwa haziwezi kukata kona na hugonga ukutani. Gesijoto hazisumbui kiasi hicho. Chuma cha pua au mrija wa aluminiamu wenye utando wa plastiki ndani hutosha, mradi usivuje.

Kuvuja ndilo tatizo linalostahili muda wako. Pampu inapovuta hewa, shinikizo ndani ya mrija huwa chini kuliko la chumbani, na tundu dogo kwenye kiungo huingiza hewa ya chumba ambamo watu wanapumua. Pumzi ya binadamu ina kaboni dioksidi ya asilimia 4 hivi, sawa na sehemu 40,000 kwa milioni, takriban mara mia ya hewa ya nje. Udhaifu huo unaweza kugeuzwa kuwa kipimo: mtu mmoja hutazama kioo cha mtambo, mwingine hupuliza pumzi taratibu kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, akisubiri kidogo kabla ya kuhamia kingine. Mstari wa kaboni dioksidi ukiruka, kiungo kibovu kimepatikana. Zoezi hili hufanywa baada ya kila matengenezo, hata kama kilichoguswa ni kichujio tu.

Gesijoto

Mitambo mingi ya kisasa ya kupima kaboni dioksidi na methani hutumia leza ndani ya chemba yenye vioo vinavyoakisi karibu mwanga wote unaoingia. Leza huzimwa ghafla, kisha mtambo hupima muda ambao mwanga uliobaki huchukua kufifia. Gesi ikiwa nyingi, mwanga hufifia upesi. Kwa kuwa mwanga huo hupigwa huku na huku mara maelfu, husafiri kilomita kadhaa ndani ya chemba inayoweza kushikwa mkononi. Mitambo ya zamani zaidi, inayotumia mwanga wa infraredi wa kawaida, bado inafaa kwa kaboni dioksidi, ila huhitaji kulinganishwa na hewa ya rejea mara nyingi zaidi.

Jambo la kwanza la kushughulikia ni mvuke wa maji. Vipimo vyote vya gesijoto hutolewa kwa hewa kavu, kwa sababu mvuke huchukua nafasi ya gesi nyingine na kuzipunguza bila gesi hizo kubadilika. Hewa yenye sehemu 420 kwa milioni ikiwa kavu, ikibeba mvuke wa asilimia 2 itasomeka 411.6. Upungufu huo wa sehemu 8.4 ni sawa na ongezeko la miaka mitatu au zaidi, nao unatokana na unyevu tu. Mtambo mzuri hupima mvuke na kurekebisha wenyewe, lakini hesabu yake ihakikiwe kwa kumwaga tone la maji kwenye mkondo wa hewa kutoka mtungini na kuona kama jibu la hewa kavu linabaki palepale maji yanapokauka. Kukausha hewa kabla haijaingia ni salama zaidi mahali penye unyevu mwingi.

Jambo la pili ni ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo rejea. Kwa kaboni dioksidi, mizani inayotumika duniani huitwa WMO CO2 X2019, na maabara kuu inayoitunza ni ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, iliyoko Boulder. Kituo hununua au huandaliwa mitungi ya aluminiamu iliyojazwa hewa halisi iliyokaushwa, ambayo kiasi cha gesi ndani yake kimepimwa dhidi ya mizani hiyo. Hewa iliyotengenezwa kiwandani kwa kuchanganya naitrojeni na oksijeni haifai kama mbadala, kwa sababu mtambo wa leza huisoma kwa namna iliyo tofauti kidogo na hewa halisi. Mitungi mitatu au minne inatosha, ikiwa imepangwa ili viwango vyake vizunguke pande zote mbili za kile unachotarajia kupima.

Mtungi mmoja zaidi ninaupa uzito kuliko mingine yote: ule usiotumika katika ugezi. Kiasi chake kinajulikana, lakini mtambo unaupima kila siku kama hewa usiyoijua. Majibu yake yakibaki ndani ya sehemu 0.1 kwa milioni kwa mwezi mzima, una haki ya kuyaamini majibu ya hewa ya nje. Yakianza kuteleza, umepata onyo mapema. Kituo kisicho na mtungi huu hakina njia ya kujua kama kinajidanganya.

Mitungi yenyewe ina tabia zake. Kidhibiti cha shinikizo kikikaa siku kadhaa bila kutumika, hewa iliyolala ndani yake hubadilika, hivyo dakika za mwanzo baada ya kukifungua hutupwa. Kaboni dioksidi hushikamana na kuta za ndani na kuachia shinikizo linapopungua, kwa hiyo mtungi uliokaribia kwisha husomeka juu kuliko ulivyopimwa; ustaafishwe ukifika takriban baa 20. Mitungi hulazwa chini badala ya kusimamishwa, ili joto lisilolingana juu na chini lisizitenganishe gesi ndani.

Pale ambapo umeme hauaminiki, au pesa ya mtambo haipo, njia ya chupa za kioo ingali na heshima yake, na mtandao mpana wa dunia unaitegemea hadi leo. Mtu huenda mahali pa wazi, husimama akiukabili upepo, mbali na gari lililomleta, hujaza chupa mbili kwa pamoja kwa pampu ndogo na kuzisafirisha hadi maabara. Anapofungua njia ya hewa huzuia pumzi na kurudi nyuma kwenda upande ambao upepo unaelekea. Chupa ni mbili kwa sababu zinashuhudiana: majibu yakitofautiana kupita kiasi kilichokubaliwa, zote mbili huwekewa alama ya shaka.

Ozoni

Anayesema anapima ozoni anapaswa kuulizwa ni ozoni gani. Iliyo karibu na ardhi ni uchafuzi unaodhuru mapafu na mimea. Iliyo katika stratosfia, tabaka la juu la angahewa, hutukinga na mionzi ya urujuanimno. Na vipimo vyake havifanani hata kidogo.

Ile ya karibu na ardhi hupimwa kwa taa ya zebaki inayotoa mwanga wa nanomita 253.7, ambao ozoni huufyonza kwa nguvu. Mtambo hulinganisha hewa ya nje na hewa hiyohiyo iliyopitishwa kwenye kichujio kinachoua ozoni. Kichujio hicho kikichakaa, ozoni fulani hupita, na mtambo husoma pungufu bila kutoa ishara yoyote. Mirija na vichujio vipya vya vumbi navyo hula ozoni mpaka vizoee. Vipitishiwe hewa yenye ozoni nyingi kwa saa kadhaa kabla ya kuunganishwa, vinginevyo data ya siku za mwanzo itakuwa ya chini na haitaokolewa na hesabu yoyote ya baadaye.

Jumla ya ozoni kutoka ardhini hadi juu kabisa hupimwa kwa kutazama jua. Kifaa kilichobuniwa na Gordon Dobson katika miaka ya 1920 hulinganisha mwanga wa urujuanimno wa mawimbi mawili, mmoja unaofyonzwa sana na ozoni na mwingine usiofyonzwa sana, na hufanya hivyo kwa jozi mbili ili athari ya vumbi la angani ijitoe yenyewe kwenye hesabu. Jibu hutolewa kwa vizio vya Dobson: vizio 300, ambavyo ni karibu na wastani wa dunia, ni sawa na tabaka la ozoni tupu lenye unene wa milimita 3 kama lingeshushwa hadi usawa wa bahari kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Chini ya vizio 220 ndipo wataalamu husema kuna tundu. Kifaa cha Brewer hufanya kazi ileile kwa kujiendesha chenyewe.

Kifaa cha Dobson hakihitaji kuwa kipya. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kupungua kwa ozoni juu ya Antaktika kutokana na vipimo vya Dobson vya kituo cha Halley, vilivyokuwa vimeendelea kwa miongo. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa na miaka ya nyuma ya kulinganisha nayo, iliyopimwa kwa utaratibu uleule. Ukirithi Dobson ya zamani, ifanyie majaribio ya taa kila mwezi, ipelekwe kulinganishwa na Dobson rejea kila baada ya miaka michache, na usikubali kuibadilisha na kifaa kipya kabla ya vyote viwili kupima sambamba kwa mwaka mmoja au zaidi.

Kujua ozoni iko kwenye kimo gani huhitaji puto. Kifaa chepesi kinachobebwa hadi kilomita 30 au zaidi, kabla puto halijapasuka, huvuta hewa ndani ya myeyusho wa iodidi ya potasiamu, na kila molekuli ya ozoni huzalisha elektroni mbili, hivyo mkondo mdogo wa umeme hugeuka kuwa kipimo. Maandalizi huanza siku kadhaa kabla ya kurusha, kwa kusafisha pampu na kujaza myeyusho, na kukamilishwa siku yenyewe kwa kupima kasi ya pampu na mkondo unaobaki pasipo ozoni. Vidole vichafu kwenye myeyusho vinatosha kuharibu urushaji mzima.

Erosoli

Chembechembe zina sura nyingi kuliko gesi: vumbi, moshi, chumvi ya bahari, salfeti, masizi. Hakuna kifaa kimoja kinachozieleza zote, na kituo kipya kinafaa kuanza na viwili au vitatu.

Cha kwanza ni fotomita ya jua, kama zile za mtandao wa AERONET. Hulifuata jua na kupima ni kiasi gani cha mwanga wa mawimbi kadhaa, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, kimezuiwa njiani. Mwanga wa mawimbi mafupi ukizuiwa kuliko wa mawimbi marefu, chembe ni ndogo, mara nyingi moshi. Yote yakizuiwa karibu sawa, ni vumbi au chumvi. Ugezi wa vifaa vya rejea hufanywa Mauna Loa na Izaña, visiwani Kanari, kwa kutazama jua tangu lilipo chini hadi lipande, hewa ikiwa safi na tulivu, na kukokotoa mwanga ambao ungefika kama angahewa isingekuwepo. Vifaa vya vituoni hulinganishwa na hivyo, kabla na baada ya kila kipindi cha kazi. Nyumbani kwake kifaa huhitaji lenzi safi na mrija wake wa kutazamia ukaguliwe mara kwa mara: buibui hupenda kutanda humo, na utando mmoja huonekana kwenye data kama moshi usioisha, mwingi zaidi kila siku kwa saa zilezile.

Cha pili hupima chembe zinazovutwa kwa bomba. Hapa GAW inataka unyevu wa hewa ushushwe chini ya asilimia 40, kwa kuwa chembe za chumvi na salfeti hunyonya maji na kuvimba, na bila kukausha utakuwa unapima ukungu wa siku hiyo. Usikaushe kwa joto kali, maana naitreti ya amonia hugeuka mvuke na kutoweka. Masizi hupimwa kwa weusi wa kichujio kwenye mwanga wa nanomita 880. Kichujio kikishajaa husoma pungufu, kwa hiyo marekebisho ya hali hiyo yafanywe na kuandikwa.

Vihisi vya bei nafuu vinavyouzwa kwa wingi siku hizi havina ukaushaji huo. Vinafaa kuonyesha mtaa upi una moshi kuliko mwingine na saa ngapi. Kwa kufuatilia mwelekeo wa miaka havifai, isipokuwa kimojawapo kikae kudumu jirani na mtambo rejea.

Setilaiti zimefanya wengine waone kazi hii ya ardhini imepitwa na wakati. OCO-2, setilaiti ya kaboni dioksidi iliyorushwa 2014, na TROPOMI, kifaa kilichobebwa na setilaiti iliyorushwa 2017, hutazama nguzo nzima ya hewa kutoka juu, lakini majibu yake huhakikiwa kwa vituo vya ardhini. Panapokosekana kituo, huwa vigumu kujua kama doa kwenye picha ni methani au ni tabia ya udongo chini yake.

Daftari na data

Kila mtumishi aandike daftarini, kwa saa za UTC, alichokigusa na alichokiona: kichujio kilichobadilishwa, moto ulioonekana bondeni, umeme uliokatika, gari lililosimama karibu. Maandishi ya aina hii, yanayoonekana ya kuchosha wakati yanapoandikwa, ndiyo pekee yatakayoeleza mruko wa ajabu miaka kumi baadaye.

Data ghafi hutunzwa kama ilivyotoka mtamboni, katika sehemu zaidi ya moja, na masahihisho yote hufanywa kwenye nakala, kwa programu inayoweza kurudiwa. Sababu yake si ya kinadharia. Mizani ya kaboni dioksidi ilipohama kutoka X2007 kwenda X2019, majibu ya karibu sehemu 400 kwa milioni yalipanda kwa takriban sehemu 0.2. Kwa ozoni ya karibu na ardhi, kiasi cha ufyonzaji kilichotumika tangu 1961, sentimita za mraba 1.147×10⁻¹⁷ kwa kila molekuli, kimebadilishwa kuwa 1.1329×10⁻¹⁷, na hivyo vipimo vyote hupanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Aliyetunza data ghafi hukokotoa upya miaka yake yote. Aliyetunza wastani wa mwezi peke yake ana mruko ambao msomaji asiyejua atadhani ni badiliko la angahewa.

Mwisho wa kila mwaka data iliyohakikiwa hupelekwa kwenye hifadhi za dunia: ya gesijoto Tokyo, Japani, ya ozoni ya jumla na ya maputo Kanada, ya erosoli Norwei. Ipelekwe pamoja na jina la mizani, toleo lake, alama za ubora, kimo cha mdomo wa bomba na kiasi cha shaka, na kila hesabu inaporudiwa, toleo jipya litumwe likiwa na tarehe na sababu ya mabadiliko.